Tiketi Ilitangulia Orodha

Kumpandisha Julius Ssekitoleko, mnyanyua vyuma wa Uganda, ndege ya Japani kabla nafasi yake ya Olimpiki ya Tokyo haijathibitishwa lilikuwa kosa la wazi. Hadi leo nasikia watu wakimlaumu kijana kwa kutoroka, wala hawaulizi ratiba ile ilipangwaje.

Turudie hatua kwa hatua. Tarehe 19 Juni 2021 ujumbe wa Uganda wa watu 9 unatua uwanja wa ndege wa Narita. Mmoja anakutwa na korona palepale. Waliobaki wanafika mji wa Izumisano, na huko anapatikana wa pili. Wanafungiwa hotelini. Ssekitoleko, mnyanyuaji wa miaka 20 aliyekwishapanda jukwaani kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Gold Coast mwaka 2018, anangoja mambo mawili kwa pamoja: ruhusa ya kugusa chuma, na orodha ya viwango itakayosema kama anashiriki. Inabainika kwamba hana nafasi. Anapangiwa kurudi nyumbani tarehe 20 Julai. Tarehe 16 hayupo. Ameacha karatasi inayosema maisha ya Uganda ni magumu na hataki kurudi. Siku nne baadaye polisi wanamkuta mji wa Yokkaichi.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Mnyanyuaji huhesabu wiki zake akirudi nyuma kutoka siku ya mashindano. Kwanza seti nyingi. Kisha seti zinapunguzwa huku uzito ukibaki juu. Mwishoni mgongo na mapaja yanapumzishwa ili miguu iwe na moto kwa arashe tatu (chuma juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja) na epole-jete tatu (begani kwanza, kisha juu). Asiyejua siku yake hajui apunguze lini. Anarudia uzito uleule mpaka mwili unagoma, na hamu inaondoka nao. Ssekitoleko alipewa tarehe ya kubahatisha, tena akiwa mbali na kwao, ndani ya chumba cha hoteli. Angengojea orodha Kampala, angepata jibu lilelile, lakini angelipata akiwa na chuma chake na wenzake karibu.

Lawama hii haiwahusu wenyeji: Izumisano waliwapokea wakati miji mingine ya Japani ikifuta kambi za wageni. Hilo lilifanywa vizuri.

Nimelisema mara nyingi na nitalisema tena: katika michezo yetu, safari hupangwa kwanza, mazoezi hufuata kama yakipata nafasi, na mpira wa miguu ukishakula fedha zote wanyanyuaji huambiwa wavumilie.

Julius mwingine, mrusha mkuki Yego wa Kenya, alifuata njia iliyo sawa. Hakuwa na kocha wa mkuki. Alitazama video za warushaji Jan Železný na Andreas Thorkildsen, akazirudia uwanjani peke yake. Alipata dhahabu ya Michezo ya Afrika Maputo mwaka 2011, na hapo ndipo safari ya Finland kwa mkufunzi Petteri Piironen ikaja. Mwaka 2015 Beijing mkuki ukaenda mita 92.72 na akawa bingwa wa dunia. Ushindi kwanza, tiketi baadaye. Wa aina yake siwaoni tena.

Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wa Kiringye, Kivu Kusini, na bonde zima la Ruzizi, wanaonyanyua jioni wakitoka shambani, bila kocha. Chuma chao ni bomba lenye mikebe miwili ya saruji, na mara nyingi mkebe mmoja umezidi mwingine, kwa hiyo bega moja linabeba zaidi. Dawa yake ni kugeuza bomba kila seti. Kosa linalowamaliza ni kuongeza uzito kwa sababu kuna anayetazama, na baada ya hapo mgongo unawalaza wiki mbili na wengi hawarudi. Chagueni tarehe yenu, wiki 8 mbele, muiandike kwenye daftari pamoja na uzito wa siku hiyo. Kila jioni andikeni seti na marudio. Wiki ya 7 kateni seti ziwe nusu, hata kama mnajisikia na nguvu. Siku ikifika, anzeni na uzito mliokwishauinua mara tatu mfululizo mazoezini, kisha ongezeni katika majaribio mawili tu yanayofuata.