Paka wa Louis Wain: Nani Aliyewapanga?

Kuna michoro minane ya paka iliyotumika kwa miaka mingi katika vitabu vya saikolojia. Wa kwanza ni paka wa kawaida: macho makubwa, manyoya laini. Ukiendelea, manyoya yanageuka miali ya rangi, masikio yanachongoka, hadi mwisho paka hayupo tena. Zimebaki nakshi tupu. Na somo lake eti ni moja: tazama akili inavyoporomoka!

Mchoraji ni Louis Wain, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1860. Alipata jina kwa kuchora paka wanaokunywa chai na kucheza karata kama mabwana wakubwa. Lakini pesa hazikukaa. Alikuwa na mama na wadogo zake watano wa kike wa kutunza, na picha aliziuza bila kubakiza hakimiliki. Mwaka 1924 alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, wodi ya mafukara. Mwaka uliofuata watu wakamchangia, akahamishiwa Bethlem. 1930 akapelekwa Napsbury, alikofariki 1939.

Sasa tujiulize: michoro ile ina tarehe? Haina. Daktari Walter Maclay aliikuta dukani mwaka huohuo wa 1939, akainunua, akaipanga mwenyewe. Yaani ngazi ile ya kuporomoka aliijenga daktari, si mchoraji! Huko Napsbury Wain aliendelea kuchora paka wa kawaida, huku akichora na wale wa nakshi. Isitoshe, mama yake alikuwa mbunifu wa mazulia na vitambaa vya kanisani. Nakshi hazikuanzia wodini.

Sisemi Wain hakuumwa. Aliumwa, tena wadogo zake walishindwa kuishi naye kwa ukali wake. Ninachopinga ni uhakiki wa kivivu: tukishasikia msanii ni mgonjwa, basi kila mstari wake tunausoma kama cheti cha daktari. Hebu zipange picha zilezile kinyumenyume. Utaapa kwamba mtu huyu anapona.

Kwa maoni yangu, paka wa nakshi ndio kazi yake bora. Wale wa chai wanachekesha mara moja, basi. Hawa kila ukiwarudia, jicho linapata njia nyingine ya kupita. Tuwatazame kwanza kama picha.