Kinanda cha Waziri Ally na Sisi Waandishi

Washikaji, kinanda si kelele. Waziri Ally alianzia Tanga na vijana waliokolea soul ya Marekani.  Baadaye bendi yao ikawa The Revolutions, wakapiga hotelini Dar, na mwaka 1989 Kilimanjaro Band, Wana Njenje.

Hapo ndipo namvulia kofia. Baada ya miaka ya kupiga kopi, waligeukia ngoma za nyumbani bila kuitupa soul. Kinanda kinateleza kilaini, kinazibeba sauti za waimbaji, hakishindani nazo.

Mimi je? Nakaa Ngokolo, riwaya yangu inatembea London nisiyoijua, imejaa maneno ya kujionyesha. Jana nimechana kurasa 20. Naanza upya, sokoni kwetu.