Kuisoma Miezi katika Mikanda ya Gombe

Filamu ya Jane, iliyoongozwa na Brett Morgen na kutoka mwaka 2017, imejengwa kwa mikanda ya milimita 16 aliyoipiga Hugo van Lawick huko Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Kigoma. Zaidi ya saa 100 za mikanda hiyo zilidhaniwa zimepotea, hadi zilipopatikana mwaka 2014 katika hifadhi ya National Geographic, iliyomtuma kazini mwaka 1962. Ilianza kama kazi ya kuajiriwa, ikageuka kumbukumbu ya nyumbani: van Lawick alimuoa mtafiti wa sokwe, Jane Goodall, mwaka 1964, mtoto wao akazaliwa 1967, na tangu hapo sokwe, boti na mtoto anayechezea maji vikawa ndani ya kasha moja.

Mikanda ilifika kwa Morgen bila sauti, vipande vimevurugika. Sura za sokwe husaidia kukisia mwaka. Mwezi, hata hivyo, husomwa ziwani. Kiangazi moshi wa majani yanayoungua hufunga upeo, milima ya Kongo ikatoweka. Mvua ikishaosha hewa, milima hiyo huonekana mpaka mikunjo yake. Dagaa wakiwa wameanikwa mwalo mzima, jua kwamba usiku uliopita ulikuwa wa giza na karabai ziliwaka, kwa sababu mbalamwezi ikitanda wavuvi hupumzika. Hapo kipande kimoja cha sekunde chache kimekwisha kukuambia msimu, na hata mwandamo.

Mwanga nao una sheria zake pale. Milima iko mashariki, ziwa magharibi. Asubuhi ufukwe hubaki kivulini wakati maji ya mbali yanang'aa. Jioni jua hushukia Kongo, na ukielekeza kamera ziwani mtumbwi na mpiga kasia wake hugeuka weusi mtupu. Kwa hiyo picha yoyote ya jioni yenye sura angavu ufukweni ilipigwa kamera ikiwa imeipa Kongo mgongo, mpigaji akiwa ukingoni mwa maji, ndani yake au botini. Naona ustadi mkubwa katika hilo, maana filamu ya rangi ya zama zile ilidai mwanga mwingi, na mkanda wa futi 100, kwa fremu 24 kwa sekunde, huisha kwa takriban dakika 2 na sekunde 47. Kisha ilibidi usafirishwe ng'ambo ukasafishwe. Hakukuwa na kuangalia kilichopatikana na kurudia jioni ile ile.

Panaponisumbua ni mwanzo wa simulizi. Goodall alishuka Gombe tarehe 14 Julai 1960, kiangazi kimekolea, na van Lawick hakuwepo. Picha zake za rangi zinazobeba masimulizi ya majuma yale ni za miaka miwili baadaye au zaidi. Si kosa kuziazima, ila uazimaji huo unahitaji jicho la msimu: majani mabichi ya masika hayawezi kukaa chini ya sauti inayosimulia Julai, na mtazamaji wa Kigoma ataliona hilo kabla ya mhariri wa Marekani. Natamani saa zile zote, hata zilizoachwa nje ya filamu, zioneshwe Ujiji na Kigoma mbele ya wavuvi wazee, kila kipande kisimamishwe, nao wataje mwezi, upepo na aina ya chombo, yaandikwe pembeni ya namba ya mkanda.