"Uwongo Njoo": Kweli na Ubuni katika Tamthilia za Televisheni Zihusuzo Jinai Maarufu

Katika fasihi simulizi ya Waswahili, fanani haanzi kusimulia kabla ya kupewa idhini. Huita, "Hadithi! Hadithi!" na hadhira humjibu, "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Fomula hii huelezwa mara nyingi kuwa ni njia ya kuvuta usikivu. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi, kwani fomula hii ni mapatano pia. Hadhira huuita uwongo kwa jina lake, ikaukaribisha, na kwa hiyo hujua tangu mwanzo ni chombo gani iliyokipanda. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tamthilia nyingi za televisheni zinazosimulia jinai maarufu zimeyavunja mapatano hayo. Kosa lao kubwa si kuyabadili matukio, bali ni kuyabadili chini ya muhuri wa ukweli.

Lililonisukuma kuandika ni jambo dogo. Tulikuwa darasani tukitofautisha ngano na visakale. Mwanafunzi mmoja akataja Jack the Ripper, muuaji wa London wa mwaka 1888, akaongeza kwamba ilikwisha thibitishwa kuwa muuaji huyo alikuwa tabibu wa jamaa ya kifalme. Nilipomwuliza imethibitishwa na nani, alijibu kwamba aliona kwa macho yake mwenyewe. Alichokuwa amekiona ni tamthilia.

Tamthilia hiyo ni Jack the Ripper, iliyoongozwa na David Wickes na kuonyeshwa Uingereza mwezi Oktoba 1988, miaka mia moja baada ya mauaji yenyewe. Michael Caine aliigiza nafasi ya Inspekta Frederick Abberline, mmoja wa maofisa waliokuwa wakiyapeleleza mauaji hayo. Kwa upande wa fani, kazi hii yastahili sifa: msuko wake umeshikana, taharuki yake haipoi, na mandhari ya mitaa ya Whitechapel yanasadikisha. Ndiyo maana yafaa kuihakiki, kwani kazi dhaifu haimpotoshi mtu.

Tuanze na mshtakiwa. Sir William Gull alizaliwa Desemba 1816. Mauaji yalipotokea alikuwa mzee wa miaka 71, tena alikwisha pata kiharusi mwaka 1887. Alifariki Januari 1890. Tamthilia inamwonyesha akizunguka usiku katika gari la farasi linaloendeshwa na mtu aitwaye Netley. Majina hayo mawili yalikwisha kuunganishwa na mauaji haya katika kitabu cha Stephen Knight cha mwaka 1976. Mtu ambaye masimulizi yake yalikuwa tegemeo kubwa la kitabu hicho aliliambia gazeti la Sunday Times mwaka 1978 kwamba kisa cha Ripper alikitunga mwenyewe. Miaka kumi baadaye, tabibu yule yule na mwendesha gari yule yule wanapewa hatia mbele ya mamilioni ya watazamaji.

Tumtazame sasa mpelelezi. Abberline wa tamthilia ni mlevi mwenye kipaji, anayemgundua muuaji kisha akalazimika kunyamaza. Ulevi huo hauna ushahidi wowote wa kihistoria. Kuhusu ugunduzi, Abberline mwenyewe alizungumza na gazeti la Pall Mall Gazette mwaka 1903, akamshuku George Chapman, mtu aliyenyongwa mwaka huo huo kwa kuwaua wanawake kwa sumu. Ni vigumu kueleza kwa nini mtu aliyemshika muuaji mwaka 1888 aje kumtafuta mwingine miaka 15 baadaye. Hali kadhalika George Lusk. Huyu alikuwa mjenzi, na mwenyekiti wa kamati ya wakazi iliyolinda mitaa. Katika tamthilia amegeuzwa mchochezi wa mapinduzi.

Hata hivyo, haki itendeke. Mwishoni mwa tamthilia yanatokea maandishi yanayokiri kwamba hapakuwa na kesi wala ungamo, na kwamba watafiti wengine wanaweza kuwa na maoni tofauti. Lau yangeishia hapo, pengine makala haya yasingekuwa na haja. Lakini sentensi ya kumalizia inasema kwamba watayarishaji wanaamini kuwa hitimisho lao ni la kweli. Unyenyekevu wa sentensi za kwanza unafutwa na hiyo ya mwisho. Isitoshe, maandishi hayo yanakuja baada ya saa tatu za picha. Fanani wetu huutaja uwongo mlangoni, kabla ya mgeni kuketi. Hawa wanagusia shaka wakati mgeni amekwisha vaa viatu.

Pana mzigo hapa, na hapana budi kuuliza ni nani anayeubeba. Gull ana wasifu ulioandikwa na heshima ya kitaaluma inayoweza kumtetea. Wanawake watano ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa wahanga wa muuaji huyo hawana kinga hiyo. Mary Ann Nichols alikosa peni nne za kulipia kitanda katika nyumba ya malazi, akarudishwa mtaani usiku wa kufa kwake. Catherine Eddowes alikuwa amewekwa rumande kwa ulevi. Polisi walimwachilia saa saba ya usiku, na maiti yake ikaonekana kabla ya saa nane. Mwanahistoria Hallie Rubenhold, katika kitabu chake cha mwaka 2019, alizipitia kumbukumbu za maisha yao, akashikilia kwamba kwa watatu kati ya watano hao hapana ushahidi kuwa walikuwa makahaba. Wapo wanaompinga. Lakini mabishano hayo yenyewe yanatuonyesha jinsi neno moja, likirudiwa katika magazeti na kisha katika picha, lilivyoweza kuchukua nafasi ya maisha mazima ya mtu. Nilipokuwa London nikisomea shahada ya uzamili, niliwaona watalii wakitembezwa jioni katika mitaa hiyo. Jina la muuaji, ambalo si jina lake, walilijua wote.

Mhakiki mwenzangu anaweza kunijibu kwamba mtunzi ana haki ya kufupisha, kuunganisha na hata kubuni, kwani ukweli wa sanaa si ukweli wa mahakama. Jibu hilo nalikubali kwa sehemu kubwa. Tulipime kwa mfano mwingine, wa karibu zaidi na siku zetu. Tamthilia ya Netflix ya mwaka 2022 juu ya Jeffrey Dahmer, muuaji wa mji wa Milwaukee huko Marekani, inamwonyesha Glenda Cleveland akiishi mlango wa pili na muuaji, akiusikia uvundo kupitia ukutani. Kihistoria, Cleveland aliishi katika jengo la jirani. Aliyeishi karibu na mlango wa Dahmer ni mwanamke mwingine, na tamthilia imewafanya wawili hao kuwa mhusika mmoja. Kifani, uamuzi huo unaeleweka. Lakini tutazame kilichopotea. Mwezi Mei 1991, binti yake Cleveland na msichana mwingine wa ukoo wao walimkuta barabarani mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akimkimbia Dahmer. Polisi walimrudisha kwa muuaji, naye akauawa. Cleveland alipiga simu kwa polisi, akauliza na kuuliza tena kama yule si mtoto, akajibiwa kuwa ni mtu mzima. Hakuwa na ukuta wa kusikilizia wala uvundo wa kumshuhudia. Alikuwa na neno la wasichana wawili weusi, akaliamini wakati wenye mamlaka walipolipuuza. Kwa kumsogeza karibu na ushahidi, tamthilia imempunguzia ushujaa. Hapa ubunifu haukufikia ukweli ulio juu zaidi, bali umeteremka chini ya ule uliokuwapo.

Fasihi yetu ya Afrika Mashariki imelishughulikia tatizo hili kwa namna ya kupendeza. Ebrahim Hussein alipochapisha Kinjeketile mwaka 1969, alieleza katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa jukwaani asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia ya Maji Maji. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo nao, katika tamthilia yao ya mwaka 1976 ambayo Kiswahili kimeipokea kwa jina la Mzalendo Kimathi, walitamka wazi kwamba hawakukusudia kuinakili kesi iliyosikilizwa Nyeri mwaka 1956. Wakati huo kumbukumbu za kesi hiyo hazikuwa mikononi mwa wasomaji. Zilichapishwa kitabuni mwaka 2017. Watunzi hao wangaliweza kudai lolote, na wachache wangaliweza kuwakanusha. Hawakufanya hivyo. Na tangulizi hizo hazikuzipunguzia kazi zao nguvu hata chembe. Leo mwanafunzi anaweza kuiweka tamthilia kando ya kumbukumbu za mahakama, akauliza kwa nini mtunzi alikengeuka hapa na si pale. Swali hilo ni la uhakiki, na limewezekana kwa sababu mlango uliachwa wazi.

Kwa hiyo napendekeza kwamba tusiyaache maandishi ya kioo cha televisheni kwa wanahistoria peke yao. Maneno "kisa cha kweli" ni fomula ya ufunguzi kama fomula nyingine yoyote, yafaa yachambuliwe pamoja na "Paukwa! Pakawa!" katika somo moja, ili mwanafunzi aone kwamba moja inamfungulia mtunzi uhuru na kuitahadharisha hadhira, na nyingine inamfungulia mtunzi uhuru ule ule huku ikiilaza hadhira usingizi. Wanafunzi wetu wengi ndio watakaoandika miswada ya vituo vyetu kesho, na jinai za nchi hii, ambazo jamaa za wahanga wake wangali hai, zitawafikia mezani. Kabla hawajamwekea marehemu maneno kinywani, wawe wamejifunza kusema kwa sauti, mlangoni, ni nini wanachokileta.