Kuingia na Kutoka Monastery

Kusini kidogo ya mji wa Carmel, California, kuna ufuko unaotazamana na nyumba ya watawa Wakarmeli, na wazamiaji wanauita Monastery. Maji yake ni ya nyuzi 10 hadi 15 hivi za Selsiasi. Hupelekwi na boti: unajitwika mtungi wa hewa, unajifunga kiunoni vipande vya risasi vya kukuzamisha, unaingia kwa miguu yako.

Lakini fundi wa kazi hii kwanza hutazama. Husimama mchangani, suti ya mpira ameivaa nusu, macho yakiwa baharini kwa muda mrefu. Mawimbi ya pale huja kwa makundi. Dakika kadhaa hupita madogo matupu, ukadhani bahari imetulia, kisha yanafuatana makubwa. Mwenye pupa huingia na yale madogo. Fundi hungoja mpaka ayaone makubwa, ndipo aamue. Asiporidhika hurudisha vyombo garini na kwenda Breakwater kule Monterey, nyuma ya ukuta wa mawe, au hurudi nyumbani na nywele kavu. Uamuzi huo ndio ninaoustahi kuliko mbizi yoyote.

Ana sababu ya kuogopa. Korongo la Carmel, tawi la korongo kubwa la chini ya bahari la Monterey, linafika karibu kabisa na nchi kavu. Kwingineko wimbi huburuta tumbo kwenye maji mafupi likachoka. Hapa linafika na nguvu zake zote na kuvunjikia kwenye changarawe iliyoinama kama paa, inayobomoka kila ukiikanyaga. Wazamiaji wengi wamefia hapa, wengine hatua chache tu kutoka pwani. Ndiyo maana wazoefu huliacha eneo la katikati na kwenda kwenye ncha mbili za ufuko, penye miamba, na mwani mkubwa unaopunguza makali ya mawimbi. Wimbi likishavunjika, wao huingia upesi, miwani usoni, kipumulio mdomoni, wala hawasimami kurekebisha chochote mpaka wavuke.

Chini ya maji ni msitu. Mwani huo hushika mwamba na kupanda mpaka juu, na katika majira mazuri huweza kurefuka zaidi ya sentimita 30 kwa siku. Hapo ufundi unahamia kwenye mambo madogo. Suti ya milimita 7 imejaa vipovu vya gesi. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, vipovu vinasinyaa, na mzamiaji anakuwa mzito kuliko alivyoingia. Mzoefu hutia hewa kidogo kidogo kwenye jaketi lake, akaelea palepale bila kugusa mwamba.

Hewa nyingine huiweka akiba ya kurudia. Akiibukia katikati ya mwani hapigi mateke, maana atanasa. Hunyoosha mikono, huyakandamiza majani, akateleza juu yake. Ufukweni hasimami kabisa. Hutambaa kwa mikono na magoti, wala hakuna anayemcheka. Wimbi likivuta, huchimbia vidole kwenye changarawe, likisukuma, husogea, na kipumulio hakitoki mdomoni mpaka apite mahali wimbi kubwa la siku hiyo lilipofika.