Shenmue III: mapenzi iko, hesabu je?

Mutu akiuliza mbona mchezo fulani wa video uko na mashabiki wakali na bado hakuna kampuni inayotoa feza ya sehemu inayofuata, tunajibuga haraka: ni uchoyo wa wakubwa. Mimi pia nilijibuga vile. Shenmue III njo ilinifanya nirudilie hesabu.

Kwa wasioujua: Shenmue ya kwanza ilitoka Japani mwisho wa 1999, kwa konsoli ya Dreamcast ya Sega. Kijana Ryo Hazuki anaona baba yake anauawa na mtu anayeitwa Lan Di, na anaanza kumtafuta muuaji, mlango kwa mlango, akiuliza hata wauza duka. Mtengenezaji wake, Yu Suzuki, alikuja kusema kwamba gharama ilifika dola milioni 47. Nakala zilizouzwa zilikuwa karibu milioni 1.2. Shika kalamu. Ili feza irudi tu, bila faida hata ya franka moja, kila nakala ilipashwa kurudishia Sega dola 39 hivi, na hapo duka limeshakata sehemu yake. Haikuwezekana. Sehemu ya pili ilitoka 2001, mwaka ule ule Sega iliacha kutengeneza Dreamcast, na hadithi ikakatikia njiani kule Guilin, China. Watu wakangoja miaka 14.

Juni 2015, Suzuki akapanda jukwaa la Sony kwenye maonyesho ya E3 kule Los Angeles na kuomba mashabiki wachange wenyewe kupitia Kickstarter. Aliomba dola milioni 2. Zilipatikana kabla siku moja haijaisha. Mwezi mmoja baadaye hesabu ilifungwa kwa dola 6,333,295, kutoka kwa watu 69,320.

Wote walishangilia ile milioni sita. Mimi naangalia namba ya pili. Ukigawanya, kila mtu alitoa wastani wa dola 91, wakati dola 29 zilitosha kupata mchezo. Maana yake, hao ni watu wanaoupenda sana mchezo huu, lakini si wengi. Upendo wao ni mrefu kwenda chini kama kisima, haujatanuka kama ziwa. Na tena ile milioni sita haifiki hata sehemu moja ya saba ya gharama ya mchezo wa kwanza.

Wengine husema Kickstarter ni kama likelemba. Hapana! Kwenye likelemba kila mtu anatoa na zamu yake inafika, anabeba mfuko mzima. Hapa zamu yako haifikagi. Unachopata ni mchezo uliolipia mapema, na mchezo ukiuzwa sana, faida si yako. Sawa, mtu anaweza kukubali hiyo kwa moyo safi. Shida kubwa iko upande wa mtengenezaji: yule shabiki aliyechanga 2015 hatanunua siku mchezo unatoka, sababu alishanunua. Ni kama kuuza mahindi yote kabla ya kupanda, kiisha siku ya mavuno unaingia sokoni na kukuta wateja wako wote wamekwisha kulipa, na ile feza yao umeila kwa mbolea. Wanaobaki sokoni ni wale ambao hawakukuhitaji tangu mwanzo.

Njo maana feza ya mashabiki haikutosha peke yake. Sony ilikuwa mshirika, Deep Silver wakaingia 2017 kama wachapishaji. Mchezo uliokuwa umeahidiwa Desemba 2017 ukasogezwa, ukasogezwa tena. Halafu katikati ya 2019 wakatangaza kwamba kwenye kompyuta mchezo utatokea kwanza kwa duka la Epic, wakati waliochanga walikuwa wameahidiwa Steam. Watu wakawaka moto, na walikuwa na haki. Ahadi ni ahadi, hata kama baadaye walipewa nafasi ya kurudishiwa feza zao. Lakini naelewa kwa nini mtengenezaji alisaini. Makubaliano ya namna ile yanaletaga feza ya hakika kabla nakala moja haijauzwa, na ambaye wateja wake walishalipa hana pengine pa kutafuta.

Sasa mchezo wenyewe, uliotoka tarehe 19 Novemba 2019. Kijiji cha Bailu ni kizuri kweli, maua, mto, wazee wakizungumza mbele ya nyumba. Unapasua kuni, unafanya mazoezi ya kung-fu, ukikimbia sana njaa inakula nguvu zako mpaka ununue chakula (hapo nilicheka, ni kama maisha ya mwanafunzi). Mashabiki walipata kile walichokumbuka. Ila mtu mgeni anafungua sehemu ya tatu ya hadithi iliyoanza 1999, mwendo wake ni wa polepole, na hakuna anayemshika mkono vizuri. Sega ilisaidia kidogo, ilitoa tena sehemu mbili za kwanza 2018. Lakini huwezi kumwambia mteja mpya apitie michezo miwili ya zamani ili aelewe wa tatu.

Kinachoniuma zaidi ni mwisho. Ryo anafika mbele ya Lan Di, anapigwa, na hadithi inabaki wazi tena! Feza ya kazi moja ya kumaliza ilitumika kujenga kijiji na mji, na kisasi kikabaki pale pale. Kwa bajeti ile, mimi ningeacha mji wote wa Niaowu, nibaki na Bailu na sura moja yenye mwisho.

Leo watu wanaomba Shenmue IV, na Suzuki mwenyewe anaitamani. Wakipitisha tena kapu, dola 29 nitazitoa. Ila kwanza nataka kuona kwa maandishi ni miji mingapi itajengwa, na Lan Di atamalizwa sura ya ngapi.