Nyundo na Sakarani: Lakabu za Maofisa na Hukumu ya Watu

Maisha ya maofisa wa majeshi ya kikoloni yameandikwa, kwa sehemu kubwa, na maofisa wenyewe. Waliandika ripoti walipokuwa kazini, na kumbukumbu walipostaafu. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi vita vya Wajerumani katika nchi yetu hana budi kuzipitia kurasa hizo. Swali letu ni hili: azisome kwa jicho gani?

Sisi twaona kwamba watu wa nchi hii walikwisha kuwahakiki maofisa hao kabla vitabu vyao havijapigwa chapa. Uhakiki huo waliuweka katika lakabu.

Tumtazame kwanza Emil von Zelewski. Mwezi Agosti 1888 alikuwa Pangani, akiiwakilisha kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikichukua utawala wa pwani kutoka kwa Sultani wa Unguja. Aliitweka bendera ya kampuni kwa mabavu na kumdharau liwali. Yeye na wanamaji waliomuunga mkono walishutumiwa kuunajisi msikiti kwa kuingia na mbwa. Vita vya Abushiri bin Salim vikafuata. Watu walimwita Zelewski Nyundo. Nyundo hugonga, haisikilizi shauri. Mwaka 1891, akiwa kamanda wa jeshi la kikoloni, aliongoza msafara kwenda Uhehe kwa tabia ile ile. Tarehe 17 Agosti, mahali paitwapo Lugalo, jeshi la Mkwawa liliuvamia msafara huo njiani. Zelewski akauawa pamoja na Wazungu wengine na mamia ya askari na wapagazi.

Wa pili ni Tom Prince. Alizaliwa Mauritius mwaka 1866, baba yake Mwingereza, akasoma Ujerumani na kuingia jeshini huko. Alipigana Kalenga mwaka 1894, akajenga boma la Iringa mwaka 1896, akamwandama Mkwawa hadi shujaa huyo alipojipiga risasi mwaka 1898 ili asitiwe mikononi mwa adui. Watu walimwita Bwana Sakarani, neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake mlevi. Prince hakulikataa. Shamba lake la Usambara lilichukua jina hilo, na hadi leo mahali hapo, wilayani Lushoto, huitwa Sakharani. Kaisari naye alimtunuku daraja ya ukabaila, akawa von Prince. Hivyo mtu mmoja alipewa majina mawili na mahakimu wawili, na katika nchi hii limedumu lile tulilompa sisi.

Kumbukumbu zake zilichapwa Berlin mwaka 1914, mwaka ule ule aliouawa katika mapigano ya Tanga. Jina la kitabu, kwa lugha yetu, ni "Dhidi ya Waarabu na Wahehe". Jina hilo pekee latosha kuwa somo zima la darasani, kwani linawageuza wenye nchi kuwa kikwazo katika njia ya luteni. Katika maandishi ya namna hii ofisa ndiye mtenda wa kila kitenzi: alivuka mto, alijenga boma, aliteka ngome. Mwanafunzi hana budi kuuliza: sanduku la risasi lilivuka mto huo juu ya kichwa cha nani?

Hata hivyo, tusizipokee lakabu bila kuzipima. Kwa aliyemtukuza, Sakarani ni mtu aliyelewa vita hata asijali kifo. Kwa aliyechomewa nyumba, ni mtu aliyepotewa na akili. Tukumbuke pia kwamba jeshi lile lilikuwa na Wasudani waliosajiliwa Misri, watu wa Msumbiji, na baadaye wenyeji wengi wa nchi hii. Hao nao walikuwa na ndimi zao na maslahi yao. Tena lakabu haitoi tarehe wala hesabu ya wafu. Kwa hayo twaihitaji ripoti ya ofisa, hata kama hatuipendi.

Njia iliyo bora imekwisha kuonyeshwa na washairi wetu. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga, aliyeishi wakati wa vita hivyo, alitunga utenzi mrefu juu ya Wadachi walivyoitamalaki Mrima. Humo maofisa wanaingia kama wageni katika habari za wenyeji, na wenyeji ndio wanaosema.

Huko Lugalo Wajerumani waliwawekea wafu wao mnara wa ukumbusho. Taifa letu nalo lililichukua jina la Lugalo likaipa kambi ya jeshi lake Dar es Salaam. Basi mwalimu na ayaweke mezani maandishi ya ofisa, utenzi wa Hemedi na majina ya mahali, kisha awaachie wanafunzi wayashindanishe. Wasipozoezwa kufanya hivyo, watakariri wasifu wa Nyundo kwa maneno ya Nyundo mwenyewe.